Kabla hujamfuata daktari wa kinamama na kadi yako ya bima

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 19 tulipohamia Mwanza. Mume wangu alipata uhamisho wa kikazi, tukafunga mizigo Tabata, tukashukia Nyegezi ambako sikuwa namfahamu hata jirani mmoja. Mtoto wetu wa kwanza nilimzaa kwa operesheni, na mwenye kovu kwenye mji wa mimba hajifungulii popote tu. Anatakiwa awe mahali penye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa, na daktari anayezijua dalili za kovu linaloanza kuachia. Kwa hiyo nilimhitaji daktari bingwa wa kinamama na uzazi, tena mapema, na nilihitaji bima imlipe, maana bili ya operesheni ya kwanza bado ilikuwa kichwani.

Kadi yetu ni ya kampuni binafsi, tumeipata kupitia kazi ya mume wangu. Nikafungua orodha ya vituo waliyotupa, nikachagua kliniki moja ya mjini iliyokuwa na jina la bingwa, nikapanda daladala asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika dirishani, dada wa mapokezi akaniambia kwamba mkataba wao na kampuni yangu ulishasitishwa, miezi mitatu nyuma. Orodha yangu haikuwa na habari hiyo. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, nikalipa taslimu.

Daktari mwenyewe alinipendeza sana. Alisoma kadi yangu ya kliniki ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza sababu ya operesheni ya kwanza, akanisubiri nimalize kueleza. Ndiyo maana nilitoka na majonzi: nimempata ninayemtaka, na siwezi kumlipa kwa fedha ya mfukoni kila mwezi mpaka nijifungue.

Aliyeniokoa ni nesi aliyenipima presha. Alinifuata mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, huyu daktari Jumanne na Alhamisi jioni anakaa hospitali nyingine, na kule kadi yako wanaipokea. Mfuate kule."

Hapo nikaelewa jambo ambalo natamani kila mwanamke mwenye kadi alijue kabla hajatoka nyumbani. Daktari hapokei bima. Kinachopokea bima ni kituo. Mkataba ni wa hospitali na kampuni, au hospitali na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na daktari anafanya kazi chini ya mkataba wa mahali alipo saa hiyo. Mabingwa wetu wengi wameajiriwa hospitali kubwa, asubuhi wako wodini, jioni wako hospitali binafsi, siku nyingine kliniki ya mtaani. Ni mtu yuleyule, lakini kila mlango una jibu lake kuhusu kadi yako. Kwa hiyo ukishampenda daktari, muulize yeye au wauguzi wake anakaa wapi na wapi, halafu upeleke kadi kwenye mlango unaoifungukia.

Na ukipiga simu hospitali, usiulize tu "mnapokea bima?" Watakujibu ndiyo, na ni kweli wanapokea, ila kwa daktari wa kawaida, au kwa daraja la kadi lisilo lako. Omba uunganishwe na dawati la bima, taja kampuni na aina ya kadi iliyoandikwa usoni, kisha uliza kuhusu bingwa wa kinamama hasa: anakaa siku gani, kadi inamlipa yote au kuna nyongeza ya fedha taslimu, na ultrasaundi na vipimo vya damu vinafanyika hapohapo kwa kadi au utaagizwa nje. Mimi nilikuwa na daftari dogo, naandika tarehe na jina la aliyenijibu. Liliwahi kunisaidia pale mhudumu mmoja alipotaka nilipe kumwona daktari. Nilipomtajia aliyenihakikishia na siku gani, wakaulizana wenyewe na mambo yakaisha.

Wenye kadi ya NHIF mna jambo jingine la kuangalia, nalo ni rufaa. Ngazi zinaanzia zahanati na kituo cha afya, zinapanda hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda kama Bugando, hadi ya taifa. Ukitaka bingwa wa ngazi za juu, hakikisha una barua ya rufaa mkononi. Kama una kovu, presha, sukari au uvimbe kwenye kizazi, mwambie daktari wa chini mapema akuandikie, usisubiri hadi wiki za mwisho. Na msiziamini orodha za zamani. Tunakumbuka Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa kutoridhika na kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipia. Wajawazito waliokuwa katikati ya safari yao waliamka siku moja hawajui waende wapi.

Kuna dada zangu wanaotaka daktari mwanamke. Ni haki yenu, semeni wakati wa kupanga miadi na msione haya. Na kama una shaka kama mtu kweli ni bingwa, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari. Kuulizia usajili wa mtu si utovu wa adabu.

Sasa nije kwenye lililonitia hofu kuliko yote, siku ya kujifungua. Nilipomfuata daktari wangu kwenye hospitali yenye mkataba, kadi ilipita vizuri, nikaweka kidole, nikasaini fomu. Nikadhani nimemaliza. Ziara ya tatu nikamuuliza, "Daktari, siku yenyewe utanifanyia wapi?" Akanitajia hospitali ya tatu, kwa sababu pale tulipokuwa hapakuwa na wodi ya wazazi. Moyo ulinidunda. Ningekaa kimya, ningelijua hilo nikiwa na uchungu.

Jioni ile niliiandikia kampuni ya bima. Niliandika kwa makusudi, sikupiga simu, ili jibu libaki. Niliuliza ukomo wa uzazi, yaani kiasi cha juu ambacho kadi inalipia kujifungua, ni shilingi ngapi, kama operesheni ina ukomo wake au inakula humohumo, kama daktari wa usingizi na kitanda vinahesabiwa ndani, na kama idhini ya kulazwa inaombwa na hospitali au na mimi. Niliuliza pia kuhusu kipindi cha kusubiri, kwa sababu bima nyingi za mtu binafsi hazilipii uzazi mpaka muda fulani upite tangu ujiunge. Dada anayepanga kubeba mimba alisome hilo kabla hajalipa ada. Swali la mwisho lilikuwa la mtoto: akizaliwa na shida akalazwa, anatibiwa kwa kadi ya nani, na ana siku ngapi za kuandikishwa? Majibu hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo usichukue ya jirani.

Muda wote huo sikuacha kliniki ya mama na mtoto ya kituo cha serikali karibu na nyumbani, ambako huduma za wajawazito hazilipiwi kwa mujibu wa sera. Kadi ya kliniki niliibeba kila mahali. Bingwa mmoja akikosekana, mwingine atakuhudumia kwa kusoma hiyo. Na fomu ya madai, tafadhali, isome kabla ya kusaini. Kila kilichoandikwa pale kinapunguzwa kwenye ukomo wako, hata kipimo ambacho hukufanyiwa.

Wiki ya 36 nilipiga tena simu dawati la bima la hospitali ya kujifungulia. Nilikuta idhini yangu imeandikwa ya kuzaa kawaida, wakati daktari alishapanga operesheni. Ilichukua siku mbili kurekebishwa, siku mbili ambazo nilikuwa nazo. Binti yetu alizaliwa Jumanne asubuhi ya wiki ya 39, akalia kabla hawajamfuta. Jumatano mume wangu alichukua tangazo la kizazi, karatasi ya hospitali ya kuthibitisha mtoto kazaliwa, akaenda nalo kazini kwake, jina la mtoto liingizwe kwenye kadi.