Bendi ndogo kwenye jeli si lazima iwe hatua ya ujenzi

Kama unaanza kuchunguza jinsi protini kubwa zinavyoungwa ndani ya mitokondria, ushauri wangu ni mmoja: fuatilia muda kabla ya kupima wingi.

Chukua kompleksi ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji wa seli, ambayo ndiyo nimeishughulikia zaidi. Kwa binadamu ina vipande 45 na uzito wa karibu daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni moja. Vipande 7 hutokana na DNA ya mitokondria yenyewe. Vilivyobaki vimeandikwa kwenye kiini cha seli, hutengenezwa nje kwenye saitoplazimu, ndipo vinaingizwa ndani. Huungwa kwa mafungu, na fungu la N, linalopokea elektroni kutoka kwa NADH, molekuli inayozibeba, huja mwishoni.

Utaishi na jeli ya asilia ya bluu, mbinu waliyoitoa Schägger na von Jagow mwaka 1991: hutenganisha kompleksi kwa ukubwa bila kuzifumua, kila moja ikionekana kama mstari uitwao bendi. Sabuni ya kuyeyushia utando ichague kwa swali lako: digitonini huacha kompleksi kubwa zikiwa zimeshikana, dodesili maltosaidi huzitenganisha. Ukishaloweka jeli kwenye NADH na nitrobluu tetrazoli, kemikali inayobadilika rangi ikipokea elektroni, bendi hugeuka zambarau taratibu mbele ya macho yako. Inapendeza sana, na hapo ndipo wengi huteleza. Rangi ile inahitaji fungu la N tu. Kompleksi iliyovunjika ikabaki na fungu hilo nayo itang'aa zambarau, hata kama haiwezi kufanya kazi yake ya kusukuma protoni kupitia utando.

Sasa imetokea bendi ndogo chini ya ile kubwa. Je, ni kompleksi inayojengwa au inayobomoka? Picha moja haiwezi kukujibu. Zuia utengenezaji wa protini za mitokondria kwa antibiotiki ya doksisaiklini mpaka kompleksi ipungue, osha dawa, kisha vuna seli kila baada ya saa kadhaa. Hatua halisi ya ujenzi hutangulia, halafu hufifia kadiri kompleksi kamili inavyoongezeka. Bendi inayochomoza baada ya kompleksi kamili kukaa sawa, mimi huishuku kuwa mabaki. Pakia pia sampuli mbichi kando ya iliyogandishwa; bendi ikionekana kwenye iliyogandishwa peke yake, friza ndiyo iliyoizalisha.

Naisisitiza kazi hii ya kuchosha kwa sababu nyuma ya sampuli nyingi kuna mtoto mgonjwa. Jeni ya NDUFAF2, ya protini inayosaidia ujenzi wa kompleksi hii, ikiharibika, ujenzi hukwama karibu na kilele na kompleksi isiyo na fungu la N hurundikana, kwa uzito wa takriban kilodaltoni 830. Ukipaka rangi ya zambarau tu hutaiona kabisa. Kwa hiyo kila jeli ipakie mara mbili: nusu kwa rangi, nusu kwa kingamwili, ukitumia kingamwili moja inayoshika mkono wa kompleksi ulio ndani ya utando na nyingine inayoshika fungu la N.