Bei Imeshuka, na Mthamini Naye Ameshusha Yake

Mpangaji mmoja wa Kilimani, Nairobi, ameandika wiki hii akiwa na furaha tele. Mwenye nyumba aliyekuwa akitaka shilingi milioni 9 sasa anamwambia aichukue fleti anayopanga kwa milioni 8. Laki nane za malipo ya kwanza anazo. Anauliza asaini lini.

Asisaini bado. Na furaha hiyo mwenye nyumba asiione.

Soko likilala, wengi hutazama bei tu. Lakini ukinunua kwa mkopo, benki hutuma mthamini akadirie thamani ya nyumba, kisha hukopesha kwa kufuata kiasi kidogo kati ya bei mliyokubaliana na thamani aliyoandika yeye. Tuseme ameandika milioni 7.2, kwa kuwa fleti za jirani zimekaa tupu. Mkopo wa asilimia 90 ni 6,480,000. Muuzaji bado anadai milioni 8, kwa hiyo pengo la kujaza ni 1,520,000. Weka ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini: 320,000. Tayari ni 1,840,000, na hujamlipa wakili wako wala wakili wa benki, ambaye pia ni mzigo wako.

Hapa ndipo watu huumia. Kwa kawaida asilimia 10 hulipwa siku ya kusaini mkataba, na salio ndani ya siku 90. Benki ikipunguza mkopo baada ya hapo, muuzaji hutoa notisi ya kukamilisha. Ukishindwa, laki nane zinaweza kubaki kwake. Lipia uthamini kabla ya kusaini, na mthamini awe kwenye orodha ya benki itakayokukopesha, la sivyo ripoti yake huenda isipokelewe. Ikitoka milioni 7.2, mpelekee mwenye nyumba nakala. Karatasi hiyo hubembeleza kuliko mdomo. Kisha wakili aandike kifungu kwamba mkopo ukikosekana au ukipungua, pesa zinarudi. Nazo zikae kwa wakili hadi mwisho, zisiingie mfukoni mwa muuzaji. Akitaka kukutupia kodi yake ya faida ya mauzo, asilimia 15, kataa. Ni yake.

Fanya sachi ya hati, yaani ukague rejista inasema nani mmiliki na kama kuna deni, mwenyewe kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, au ofisi ya ardhi, usiridhike na nakala ya ajenti. Kwa fleti, uliza kama ina hati yake chini ya Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020 au bado inaning'inia kwenye hati mama, ile moja ya kiwanja kizima. Kama hati mama iko rehani kwa deni la mjenzi, unahitaji barua ya benki hiyo inayoahidi kuiachilia fleti yako. Bila barua hiyo, simamisha kila kitu, hata mwenye nyumba akiapa.

Sasa riba. Milioni 6.48 kwa miaka 20 kwa asilimia 14 ni kama 80,600 kwa mwezi. Kwa asilimia 9.5 ni kama 60,400. Tofauti ni 20,000 kila mwezi, ndiyo maana nasema ulizia kwanza benki na Sacco zinazofadhiliwa na KMRC, kampuni inayozipa wakopeshaji fedha za mikopo ya nyumba. Watu hubishana siku tatu juu ya laki moja ya bei, kisha wanasaini riba bila kuisoma! Kumbuka pia nafuu ya kodi ya mapato kwa riba ya nyumba unayoishi, hadi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Desemba 2024. Aliye kwenye kiwango cha asilimia 30 anaokoa hadi 9,000 kwa mwezi.

Mnada? Bei huvutia, lakini kwa kawaida asilimia 25 hulipwa nyundo ikigonga na salio ndani ya siku 90. Huo si mchezo wa mtu anayesubiri mkopo. Tena aliyemo ndani anaweza kwenda kortini.

Anayenunua nyumba anayopanga ana jambo moja ambalo mgeni hana: anajua maji hukatika siku gani, ukuta upi huvuja Aprili, na nani kwenye jengo halipi ada ya huduma. Vitaje vyote kwenye meza ya bei. Wala usimpe mwenye nyumba notisi ya kuhama kwenye mkataba wa kupanga. Kodi inaendelea hadi uhamisho usajiliwe, isipokuwa mkataba wa ununuzi useme vingine. Na amana uliyoweka ulipohamia iandikwe humo kwamba itakatwa kwenye salio.