Craig hakumharibu Bond

Umeuliza kama mwigizaji Daniel Craig alimharibu James Bond, yule jasusi wa filamu, kwa kumnyima utani. Mimi nakataa. Hebu tazama tena wanavyokimbizana kwenye Casino Royale ya 2006: anayefukuzwa anaruka na kupenya kwenye uwazi mdogo juu ya ukuta, Bond anaupasua ukuta wenyewe kwa mwili wake, vumbi tele, huyoo anaendelea. Hapo umeshamjua ni mtu wa aina gani bila kuambiwa neno. Roger Moore, aliyemwigiza Bond zamani, alichekesha, sawa, ila Moonraker ya 1979 ilimpeleka mpaka anga za juu, jamani! Aliyeonewa kweli ni George Lazenby, Bond mwingine wa zamani. Filamu moja tu, ya 1969, na Bond anauliwa mke siku ileile ya harusi. Huzuni unayomlaumia Craig ilianzia huko.