Jeni iliyopanda si lazima iwe mkosaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma biolojia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ileile. Sasa watafiti wanajuaje kipande kipi ni jeni, na jeni ipi inafanya kazi wapi? Na wakisema jeni fulani "imepanda" kwa wagonjwa, ndiyo kusema ndiyo inayoleta ugonjwa?

JIBU: Marahaba. Umeuliza matatu kwa mpigo, na hilo la mwisho liliwahi kuniaibisha, kwa hiyo yale mawili ya kwanza nitayapitia haraka.

Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi kama bilioni 3, na jeni za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu. Kompyuta hutafuta ATG, herufi zinazoanzisha protini, kisha TAA, TAG au TGA zinazoifunga. Tatizo ni kwamba ATG hujitokeza ovyo kila mahali, na jeni zetu nyingi zimekatwakatwa vipande. Ndiyo maana tunalinganisha na wanyama wengine, mathalani panya: kipande kilichodumu bila kubadilika kwa mamilioni ya miaka huenda kina kazi. Ushahidi ninaouamini zaidi ni RNA, nakala ambayo seli huitoa kwenye DNA. Seli ikikinakili kipande hicho, angalau tunajua kinatumika.

Hiyo RNA ndiyo hujibu swali lako la pili. Jeni ya insulini imo hata kwenye seli ya ngozi yako, ila imefungwa; seli za beta za kongosho ndizo huinakili kwa wingi. Tunachukua RNA ya tishu, tunaigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya walichokigundua Temin na Baltimore mwaka 1970, mashine inasoma mamilioni ya vipande, kisha tunahesabu vingapi vimetoka kwenye kila jeni; vikizidi, ndipo tunasema jeni "imepanda". Unabaki na jedwali refu la namba. Jedwali hilo ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na seli zilizotiwa dawa na nyingine zisizotiwa. Za dawa nilizitoa RNA Jumatatu, zile nyingine Alhamisi, kwa sababu barafu iliniishia. Matokeo yakaja: mamia ya jeni yametofautiana! Nilikwisha kuchora hadi grafu za rangi. Mwenzangu mmoja, mtu wa maneno machache, akaziangalia akauliza, "Ulizitoa siku moja?" Nikarudia kazi yote nikiwa nimezichanganya katika mkupuo mmoja, na sehemu kubwa ya ule utofauti ikayeyuka. Mojawapo, FOS, niliyokuwa nikijivunia, ni jeni inayoamka dakika chache tu seli ikisumbuliwa. Jumatatu ile sampuli zangu zilikaa mezani nikitafuta glavu. Nilipima uzembe wangu, dawa haikuhusika.

Hesabu nayo ina mtego wake. Ukipima jeni 20,000 na kukubali kosa la asilimia 5 kwa kila moja, unaweza kupata jeni 1,000 "zilizobadilika" hata kama hakuna kilichobadilika. Watafiti makini hurekebisha hilo. Asiyesema amerekebishaje, usimsadiki haraka.

Sasa ugonjwa. Chukua tishu iliyovimba. Jeni ya PTPRC, ambayo ni ya chembe nyeupe za damu, itaonekana imepanda sana. Huenda hakuna seli hata moja iliyoongeza kasi ya kuinakili. Chembe nyeupe zimejaa pale, basi. Na hata jeni ikipanda kweli ndani ya seli, inaweza kuwa ndiyo chanzo, au ni seli inajitetea, au ni matokeo ya dawa anazomeza mgonjwa. Kupanda hakukuambii ni lipi kati ya hayo. Lazima mtu aizime jeni hiyo kwenye seli au kwa mnyama wa maabara, aone kama dalili zinatoweka, kisha airudishe aone kama zinarejea. Kazi hiyo huchukua miaka, na magazeti huwa hayaisubiri.

Ukisoma utafiti wa aina hii, anza na sehemu ya mbinu: sampuli ngapi, na zilichakatwa pamoja? Halafu fungua jedwali lao. Ukikuta jeni inaitwa "1-Mar", usishangae: ni jeni ya MARCH1, programu ya majedwali ya Excel imeigeuza kuwa tarehe. Mchezo huo ulisumbua hadi mwaka 2020 jeni hizo zikabadilishwa majina rasmi, na sasa hiyo ni MARCHF1.