Kijerumani kimoja, adabu tatu

Wengi wenu mnajifunza Kijerumani Nairobi au Dar es Salaam kwa vitabu vya Ujerumani, kisha mnapata kazi ya uuguzi huko Ujerumani. Baadaye wapo wanaovuka mpaka kwenda Uswisi, kwa kuwa mshahara ni mnono zaidi, wakidhani lugha wanayo tayari. Lugha mnayo, ila adabu yake hubadilika mpakani.

Mnajua Mkenya akisema "nipe chai" mgahawani Dar anavyotazamwa, wakati wenzake wote wanasema "naomba". Mjerumani akiagiza kahawa Zurich kwa namna ya kwao huonekana hivyo hivyo. Mswisi huomba kwa kuzunguka kidogo, na kabla ya kuomba lolote husalimia. Hata ukiingia duka dogo la mkate, anza na "Grüezi".

Kazini ndiko penye mtego. Ujerumani mkuu wa zamu atakwambia wazi "hii si sahihi", mtasahihisha, na dakika kumi baadaye mnakunywa kahawa pamoja bila kinyongo. Uswisi utaambiwa, "labda tungeweza kuliangalia tena." Usilichukue kama wazo la kufikiria ukipata nafasi, mara nyingi maana yake ni rekebisha. Na kwenye kikao, ukimya wa Waswisi si lazima uwe ndiyo. Mimi huuliza tena pembeni, mtu mmoja mmoja.

Halafu kuna lahaja, yaani Kijerumani cha Kiswisi. Waswisi wa upande wa Kijerumani huizungumza wote, profesa na fundi bomba. Kijerumani sanifu kwao ni cha shuleni na maandishi. Mwaka 2011 wapiga kura wa jimbo la Zurich waliamua chekechea zifundishe kwa lahaja. Kwa hiyo wenzako wakibadili lugha kwa ajili yako, wanakufanyia hisani. Miezi ya mwanzo ipokee, hasa wakati wa kukabidhi wagonjwa, maana hapo kukisia ni hatari. Baadaye waombe waendelee na lahaja, wewe ujibu kwa sanifu. Kuiigiza lahaja si lazima, na wengine huona kama unawadhihaki.

Austria, ambako pia husemwa Kijerumani, sina mengi. Vyeo vya elimu vinatajwa sana, hivyo daktari wa kike mwite "Frau Doktor" mpaka mwenyewe akuambie vingine. Kukataa nako huvikwa ulaini: "schau ma mal", yaani tutaona. Ukijibiwa hivyo ulipoomba likizo, usikate tiketi.