Jibu: Miche ya mepo ya Kijapani, usiweke kokoto chini ya chungu

Simamisha hiyo kazi ya Jumamosi. Umesema miche yako mitatu ya mepo (maple), ule mti wa mapambo, ina urefu wa futi moja hivi, na unataka kuihamishia kwenye vyungu vya lita 40: kokoto chini, udongo mwekundu uliochanganywa na samadi juu, kama alivyokuelekeza muuzaji. Ukifanya hivyo utaipoteza.

Kokoto haisaidii maji kutoka. Udongo laini huyashikilia maji, hayateremki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uloe chapachapa. Lile tope ambalo lingekaa kwenye sakafu ya chungu umelipandisha hadi kwenye mizizi. Na mche mdogo haumalizi maji ya lita 40 za udongo wa mfinyanzi, hasa Juni hadi Agosti, jua la Nairobi linapojificha siku nzima. Mizizi ya mepo ni myembamba na hukaa juujuu. Ikikosa hewa inaoza. Inaniudhi sana kwamba wauzaji wa miche kando ya barabara bado wanafundisha watu hivi. Wao wanauza chungu leo na mche mwingine baadaye.

Ubaya ni kwamba dalili zinadanganya. Kingo za majani hukauka na kuwa za kahawia, mwenye mti anadhani ni kiu, anaongeza maji. Ingiza kidole sentimita 3 kwanza. Kukiwa na unyevu, weka ndoo chini. Ukiwa na shaka, utoe mche uukague. Mizizi mizima ni ya rangi ya krimu au kahawia hafifu, na imekaza. Iliyooza ni myeusi, inanuka, na ukiivuta ganda linavuka, unabaki na uzi mwembamba mkononi.

Tumia chungu kinachozidi bonge la mizizi kwa sentimita 3 hadi 5 tu kila upande. Funika matundu kwa kipande cha wavu, si mawe. Changanya sehemu tatu za pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, na sehemu mbili za maganda ya miti yaliyooza vizuri. Chekecha pumisi ubaki na chembe za milimita 3 hadi 6. Vumbi litupe, maana ndilo linaloziba njia za hewa. Samadi mbichi ya kuku isikaribie hapo, inaunguza mizizi.

Shingo la mche, pale shina linapopanuka kuwa mizizi, lionekane juu ya udongo. Kama mche umeunganishwa, yaani tawi la mepo limeungwa kwenye shina la mche mwingine, kovu la muungo libaki juu pia, na chipukizi lolote chini ya kovu likate: hilo ni la shina mama, ule mche wa chini, litaumeza mti ulionunua.

Jua la asubuhi hadi saa nne linatosha, kisha kivuli, mahali pasipo upepo mkali. Mwagilia kwa maji ya mvua uliyoyakusanya, ukiweza. Ya kisima cha kuchimbwa hapa mara nyingi yana chumvi, na mepo haiipendi.

Mbolea na kupogoa vitasubiri. Ukishapanda, mwagilia chungu kizima na uangalie matundu. Maji yaanze kutoka ndani ya sekunde chache. Yakituama juu, mwaga mchanganyiko wote, uchekeche upya.