Daktari nilimwambia ni mteja, polisi nikawaambia ni mpenzi wangu. Je, kesi yangu imekufa?

SWALI: Wakili, salamu. Nina miaka 27, naishi Mtwapa. Nafanya kazi ya eskoti, wateja hunipata kwa simu. Wiki iliyopita mteja alinipeleka kwenye nyumba ya kukodi kwa usiku, Nyali. Bei tulikubaliana, na nilimwambia bila kondomu hakuna kitu. Pesa, shilingi 15,000, alinitumia kwa M-Pesa mwendo wa saa tatu usiku tukiwa bado hotelini tunakula. Chumbani aliivua kondomu, nilipokataa akanikaba shingo, akanipiga, akanilazimisha. Alfajiri nilitoroka, na gizani nikabeba simu mbili, yangu na yake. Hospitali nilieleza kila kitu. Kituoni niliona haya, nikasema ni mpenzi wangu. Sasa naye ameandikisha kwamba nilimwekea mchele (dawa ya kumpoteza fahamu) kwenye kinywaji, nikamwibia simu na hizo elfu 15. Afisa ananiambia turudishiane vitu tuyamalize. Nikisema ukweli wa kazi yangu, si nitafungwa mimi? Na mama atajua?

JIBU: Pole sana, dadangu. Kesi yako haijafa. Kinachoweza kuiua ni karatasi moja iliyoko kituoni, ile yenye neno "mpenzi", na karatasi hiyo bado unaweza kuirekebisha. Ningekuomba uirekebishe wiki hii, si siku utakapoitwa mahakamani.

Nianze na hofu yako ya kufungwa, maana ndiyo iliyokufanya ukasema hivyo. Nchini Kenya hakuna sheria ya taifa inayosema kwamba mtu mzima akipokea pesa kwa ngono, kitendo hicho chenyewe ni kosa. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 153 na 154, inawalenga hasa wanaoishi kwa mapato ya miili ya wengine, na wanaume wanaotongoza wateja hadharani. Kuna pia sheria ndogo za kaunti kuhusu kuzurura barabarani kutafuta wateja, na hizo ndizo hutumika kuwakamata wanawake usiku. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba, hukuwa barabarani. Na hata mtu aliyevunja sheria ndogo ya kaunti hapotezi haki yake ya kulindwa. Katiba, kifungu cha 29, inampa kila mtu uhuru dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Kila mtu, dadangu. Hawakuandika "kila mtu isipokuwa".

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaangalia kama ulikubali, kwa hiari, ukiwa na uwezo wa kukataa. Haiulizi kama ulilipwa. Ulikubali tendo lenye kondomu, na pale alipoivua ukasema hapana, ridhaa iliishia hapo. Mkono ulioshika shingo yako baada ya hapo ni nguvu, na kupenya kwa nguvu ni ubakaji chini ya kifungu cha 3: kifungo kisichopungua miaka 10, na kinaweza kufika maisha. Mteja hakununua mwili wako kama mtu anavyonunua kilo ya samaki. Zile elfu 15 hazikumpa haki ya kukulazimisha. (Kwa upande wa pili, kama angekataa kulipa, mahakama isingekusaidia kumdai. Mwaka 1866 huko London mafundi wa magari ya farasi walikataliwa kodi ya gari walilomkodisha kahaba wakijua ni la kazi yake, na msimamo huo wa kutotekeleza mikataba ya namna hiyo tuliurithi. Lakini kudai ada ni jambo moja na kushambuliwa ni jingine kabisa.)

Basi tufike kwenye zile karatasi mbili. Hospitali walikujazia fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, na humo mna sehemu ya maelezo: nani, wapi, ilikuwaje. Umeniambia daktari aliandika "mteja". Kituoni taarifa yako inasema "mpenzi". Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kuuona mapema ushahidi wote utakaotumika dhidi yake. Kwa hiyo wakili wake atakuwa na karatasi zote mbili mezani. Nimewahi kukaa upande huo wa meza, najua kinachofanyika. Wakili anasimama na fomu mkono wa kulia, taarifa mkono wa kushoto. Anauliza kwa upole: "Sahihi hii ni yako? Na hii?" Unajibu ndiyo, ndiyo. Halafu ananyamaza kidogo, hakimu anaandika. Swali la tatu ni, "Siku hizo mbili, ni ipi uliyosema kweli?" Ukijibu hapo kwa mara ya kwanza, umechelewa. Ukiwa umeshasahihisha miezi mingi nyuma, jibu linakuwa fupi: "Niliona haya, nikarudi mwenyewe nikaeleza."

Mahakama zetu hazitupi ushahidi kwa kila tofauti. Mahakimu wa Kenya hunukuu mara nyingi uamuzi wa Uganda wa Twehangane Alfred: tofauti ndogo hupuuzwa isipokuwa zikionyesha uongo wa makusudi, na tofauti kubwa huangusha ushahidi kwa kawaida kama hazina maelezo ya kuridhisha. Yako ni kubwa, sitakudanganya, kwa sababu inahusu uhusiano wako na mshukiwa. Lakini maelezo yake yapo na yanaingia akilini: aibu, na woga wa kukamatwa.

Kwa hiyo rudi kituoni, na kama inawezekana uende na wakili, ukaandikishe taarifa ya ziada. Usiombe ile ya kwanza ichanwe, na usikubali mtu yeyote aichane. Ibaki. Katika hii mpya eleza mlivyokutana, bei, sharti la kondomu, alichofanya, na kwa nini mara ya kwanza ulisema mpenzi. Taja pia simu mbili. Kosa la kuapa uongo huhusu ushahidi unaotolewa kwenye shauri, na wewe hujapanda kizimbani bado. Kumpa afisa habari za uongo ni kosa linalojitegemea, ndiyo sababu nataka wakili awe karibu, lakini katika miaka yangu ya kazi sijaona mwathiriwa akishtakiwa kwa kurudi mwenyewe kusahihisha neno kama hilo.

Nije kwa mchele. Hili dai nalichukulia kwa uzito, maana wanaume wamewekewa mchele kweli katika mji huu na wengine hawakuamka. Lakini dai zito linahitaji ushahidi wake. Je, alikwenda hospitali? Alitolewa damu au mkojo? Sampuli ilifika kwa Mkemia wa Serikali? Dawa hizo hutoka mwilini haraka, kwa hiyo aliyelalamika siku kadhaa baadaye bila kupimwa ana neno lake tu. Kisha kuna saa. Yeye anasema ulimwibia 15,000 akiwa hajitambui. Ujumbe wa M-Pesa una dakika kamili, na pesa haziondoki kwenye laini yake bila namba ya siri yake. Kama zilitumwa saa tatu mkiwa mezani hotelini, alizituma akiwa macho, na risiti ya chakula pamoja na kamera za hoteli zinaweza kuthibitisha. Mwombe mpelelezi kwa maandishi azifuate picha za kamera, za hoteli na za lango la nyumba, kabla hazijafutwa na rekodi mpya. Daftari la mlinzi langoni pia.

Mazungumzo yenu ya simu usiyafute, hata yale yanayokuaibisha. Sentensi moja ya "bila kondomu hakuna kitu" iliyotumwa saa nane mchana ina thamani kuliko mashahidi wawili wa tabia njema. Picha ya skrini peke yake haitoshi: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza kifaa, aliyetoa nakala, na namna alivyoitoa. Ihifadhi simu yenyewe.

Na shingo. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama nje. Kama sauti yako imekwaruza, kumeza kunauma, au macho yana vidoa vyekundu, rudi hospitali leo waandike, na hayo yaingie kwenye P3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Hili nalisema kwanza kwa ajili ya uhai wako, maana madhara ya kukabwa yanaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Sheria nayo inalihesabu: kumkaba mtu ili ashindwe kujitetea atendewe uhalifu ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake hufika maisha. Kama ulianzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya HIV ndani ya zile saa 72, zimalize siku zote 28.

Kuhusu hiyo habari ya kuyamaliza kituoni, kataa kwa adabu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono hakimpi afisa wa kituo mamlaka ya kuamua kwamba kesi ya ubakaji isimame. Uamuzi huo leo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Afisa akiendelea kukushinikiza, andika jina na namba yake, uende IPOA, mamlaka huru inayochunguza mwenendo wa polisi. Namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, uwe nayo daima.

Utaulizwa mahakamani umelala na wangapi? Kifungu cha 34 kinakataza maswali kuhusu historia yako ya ngono isipokuwa mahakama imeruhusu baada ya ombi rasmi. Kiongozi wa mashtaka anapaswa kusimama kupinga, na ukiwa na wakili wako anaweza kumkumbusha. Na kama ushahidi wa pekee ni wako, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mshtakiwa hatiani kwa neno lako tu, mradi aandike kwa nini ameridhika kwamba unasema kweli. Zamani mwanamke alidaiwa shahidi wa kumuunga mkono. Mahakama ya Rufaa ililikataa hilo katika kesi ya Mukungu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikasema ni ubaguzi. Sasa unaona kwa nini nimeng'ang'ania ile taarifa. Kila kitu kinasimama juu ya kuaminika kwako.

Mama. Omba utangazwe shahidi anayehitaji ulinzi chini ya kifungu cha 31. Unaweza kutoa ushahidi nyuma ya pazia au katika kikao cha faragha, na mahakama ikazuia jina lako kutajwa, hukumu ikatumia herufi tu. Siwezi kukuahidi kwamba Mtwapa haitanong'ona. Ninachoweza kusema ni kwamba mahakama ikikubali ombi hilo, jina lako halitatoka nje ya faili.

Kama huna ada ya wakili, jaribu FIDA, shirika la mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, au wanawake wa KESWA, muungano wa wafanyakazi wa ngono, ambao hushughulika na kesi kama yako. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupokewa bila malipo, mchana na usiku.

Ile simu yake usiiwashe, usijaribu kuifungua. Itie kwenye bahasha, uikabidhi mbele ya wakili, na usiondoke dirishani mpaka iandikwe kwenye OB kwamba umeileta mwenyewe, siku gani na saa ngapi.